Kukata Kilicho Kizima

Katika soko la Darajani, Unguja, boga huuzwa kwa kipande. Muuzaji hulipasua kwa panga, hupanga vipande juu ya gunia nyama ikitazama juu, na mteja huchagua kwa jicho: manjano iliyokolea, nyama nene, isiyo na majimaji. Hakuna anayeuliza boga zima lilikuwa na kilo ngapi. Mwezi wa Ramadhani vipande huisha mapema, maana futari ya Unguja isiyo na boga la nazi lenye iliki, kando ya muhogo, ndizi na majimbi, huonekana ina pengo. Kwa watu wa soko hili thamani ya boga huanza linapoingia chunguni. Ukiwaambia kwamba wako wanadamu wanaolilea boga miezi mitano ili walipandishe kwenye mizani tu, watakucheka, na wana haki.

Mizani hiyo ina historia yake. Mwaka 1904, jengo la marikiti ya Darajani lilipofunguliwa kando ya ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, Mkanada William Warnock alionesha huko St. Louis, Marekani, boga la ratili 403, kiasi cha kilo 183. Rekodi yake haikuvunjwa hadi 1976. Kisha Mkanada mwengine, Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, akawa anachagua mbegu mwaka hadi mwaka mpaka akapata aina inayoitwa Atlantic Giant, na tangu hapo maboga yakaacha kabisa kuona haya. Stefano Cutrupi wa Italia alifikisha kilo 1,226 mwaka 2021. Travis Gienger wa Minnesota akampita mwaka 2023. Oktoba 2025 pacha wawili, Ian na Stuart Paton, kutoka Lymington, Hampshire, kusini mwa Uingereza, wakapima boga la kilo 1,278.8. Kwa hesabu ya dukani, hayo ni magunia 25 ya mchele ya kilo 50, na bado linabaki la kugawa.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza ndiye aliyenitumia video ya boga hilo. Nyumbani wote walilitazama boga. Mie nililitazama shamba. Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikilima kipande cha ardhi alichotuachia marehemu baba huko Mwera, udongo mwekundu wenye rutuba ya wastani, na kila mwaka hupanda maboga pamoja na mihogo na kunde. Kwa hiyo nilijua ninachokitafuta: nilitaka kuona mmea uliobeba mzigo ule ulikuwa na hali gani. Ulikuwa umetandazwa kwa nidhamu ambayo sijapata kuiona kwa mboga yoyote. Nikamwandikia mpwa wangu aniulizie wanafanyaje, na majibu aliyoniletea nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mmea wa boga haujui kusema basi. Ukiuacha, shina hutoa tawi karibu kila kifundo, tawi nalo huzaa matawi yake, na kila kifundo kina jani, kikono cha kushikia, ua, na uwezo wa kutoa mizizi kikigusa udongo. Kila sehemu inataka kuanza maisha yake. Shamba ambalo halijaguswa huonekana limestawi ajabu, kijani kitupu, mguu huoni pa kuuweka. Ukifunua majani unakuta maboga mengi ya ukubwa wa ngumi, mengine yameshaanza kuwa manjano na kudondoka. Sukari inayotengenezwa na majani imegawanywa kwa watoto wengi hadi hakuna aliyeshiba.

Wakulima wa maboga makubwa wanaupa mmea mmoja nafasi ya mita za mraba 60, wengine hadi 90, na ndani yake huacha boga moja. Shina kuu hunyooshwa. Matawi yanayotoka kwenye shina huelekezwa kushoto na kulia. Matawi yanayotoka kwenye matawi hayo hukatwa yakiwa bado machanga. Ukilitazama shamba kutoka juu unaona kuti la mnazi lililolazwa chini, upongoo katikati na majani pande zote mbili. Boga la kubaki huchaguliwa kwenye shina kuu, mita 3 au 4 kutoka kwenye mizizi, ili nyuma yake kuwe na majani ya kutosha kulilisha. Likishatulia, mengine yote huondolewa, hata yawe mazuri namna gani.

Hapo ndipo ami yangu aliposimama. Yeye ni mdogo wake baba, mzee wa umri mkubwa, na shamba la Mwera analijua kuliko mimi ninavyowajua wanangu. Nilipomsomea habari hizi alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema, "Mwanangu, boga moja la nini? Jirani utawapa nini, picha?" Nikamwambia ndiyo ilimu ya kisasa. "Ilimu ya kumwaga watoto wazima," akanijibu, "nendeni nayo huko huko."

Sikumbishia, kwanza kwa adabu, na pili kwa kuwa alikuwa na hoja. Waliosema ukipenda boga penda na ua lake walikuwa watu wa kilimo chake, kilimo cha kuacha kila kitu kiishi na kugawana kitakachopatikana. Shamba lililolisha nyumba yenye watoto na wajukuu halikuhitaji boga moja kubwa. Lilihitaji maboga ya kati yaliyokomaa kwa zamu, moja wiki hii, moja ile, na kitu cha kumfungia mgeni anayeondoka. Kinachohitajika na mizani si lazima kihitajike na jiko, na mtu mwenye akili haachi kazi ya jikoni kwa kuona mizani ya mwenzake.

Lakini video ile ilinionesha jambo ambalo wenyewe hawalioni. Ncha zote zile wanazozikata, wao huzitupa kwenye lundo la mboji. Mie nilipoziona nilitamani kulia. Ncha changa ya boga, pamoja na majani yake mawili matatu laini, ndiyo msusa. Inamenywa nyuzi, inakatwakatwa, inapikwa kwa tui la nazi na kitunguu, na ukipata samaki wa kukaanga pembeni huulizi chakula cha mfalme. Kumbe kazi ya kupogolea, ambayo kwao ni hasara inayovumiliwa kwa ajili ya boga, kwetu ni mavuno. Ami alikuwa na haki ya kukataa kumwaga watoto wazima, ila hakuna aliyelazimika kumwaga kitu.

Nilianza kupeleka mafungu ya msusa Darajani kwa bibi mmoja anayeuza mboga za majani. Yeye ndiye aliyenifunza mpaka wa jambo lenyewe, bila ya kukusudia kufunza. Siku moja nilimletea majani mapana yaliyokomaa, nikidhani ukubwa ni sifa. Akayachagua kwa vidole, akanirudishia nusu. "Mwalimu, mie niletee ncha," akasema. "Hili jani kubwa halipikiki, limeshakuwa kamba. Liachie boga lako."

Kauli hiyo ya biashara ina sayansi kamili ndani yake. Jani pana lililokomaa ndilo kiwanda cha sukari. Kuling'oa ni kulinyima boga, na mchumaji wa kila siku asiyechagua huishia na mmea wenye shina refu lisilo na kitu. Ncha changa kinyume chake ni mlaji. Haijaanza kuchangia, inatumia tu. Tena ncha changa ikikatwa, kidonda chake ni kidogo na hukauka siku hiyo hiyo. Jani kuu ukilikata karibu na shina, kikonyo chake kina uwazi ndani, maji ya mvua huingia, na kuoza huanzia hapo. Kwa hivyo ukiwahi unapata chakula, na mmea unabaki mzima. Ukichelewa, ulichokikata hakiliki, na ulichokiacha kimeumia.

Nimeifikiria sana kauli ile ya "limeshakuwa kamba" kwa sababu ilinikuta katika kipindi ambacho kila mtu mtaani alikuwa akinipa kazi. Mwalimu mstaafu Unguja hana mapumziko. Nilikuwa katibu wa kamati ya skuli, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwandishi wa barua za watu kwenda serikalini, msuluhishi wa mirathi za ukoo, na jioni nilisomesha watoto wa jirani hisabati barazani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mbaya. Tungekuwa tunazungumzia mambo mabaya kazi ingekuwa rahisi, maana kukata kibaya hakuhitaji moyo. Hata mvivu hung'oa jani lililooza. Kazi ngumu ni kusimama mbele ya kitu kizima, chenye baraka, na kukiambia kwamba hakitapata sukari yangu.

Niliamua kubaki na masomo ya jioni na mambo ya ukoo. Hazina ya kikundi nilimkabidhi binti wa jirani aliyesomea uhasibu, na sasa wanachama wanapata taarifa kila mwezi kwenye simu, jambo ambalo mimi na daftari langu tusingeliweza. Ukatibu wa skuli ulikwenda kwa mzazi kijana. Wapo walionong'ona kwamba mwalimu amechoka. Sikuchoka. Niliona kwamba kazi ikitolewa mapema, ingali laini, anayepokea anaweza kuipika atakavyo. Kila kikundi mjini kina mzee aliyeng'ang'ania kiti mpaka kiti chenyewe kimekuwa kamba, na siku anapoondoka hakuna anayejua funguo ziko wapi. Nadhani ubaya wa kuchelewa kukabidhi haumpati sana mzee. Unawapata wanaoletewa jani lisilopikika.

Nikirudi shambani, juu ya afya ya mmea nina maneno mengi, maana hapa ndipo boga linaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo kisiwa chetu kinapotofautiana na Hampshire. Kwetu joto na unyevu haviondoki. Wakati wa masika, majani yakishinda na maji, ubwiri vinyoya huingia: madoa ya manjano yenye pembe, yaliyozuiliwa na mishipa ya jani, kisha jani hukauka kama lililopitishwa juu ya moto. Mvua ikipungua huja ubwiri unga, ule weupe mfano wa unga wa sembe juu ya majani, unaoanza na majani makongwe yaliyojificha kivulini. Yote mawili hupenda msongamano. Kwa hiyo kupogolea kule kule kunakolisha boga ndiko kunakopitisha upepo na jua kati ya majani. Mimi hupanda vuli zaidi kuliko masika kwa sababu hiyo, na humwagilia asubuhi, chini shinani, sio juu ya majani.

Si kila doa linahitaji kisu. Majani ya mwanzo kabisa, yaliyo karibu na mizizi, hufa yenyewe baada ya kumaliza kazi, na mkulima mgeni akiyaona hukimbilia dawa. Vilevile maua: ya mwanzo huwa madume, hudondoka yote, na watu huja kuniuliza nani kawaroga. Hakuna uchawi. Ua jike litakuja baadaye, utalitambua kwa kijiboga kilicho chini yake tangu halijafunguka.

Nzi wa matunda ni habari nyengine. Yeye hutoboa boga changa, hutaga ndani, na baada ya siku chache boga linalainika kwa ndani ilhali juu bado linang'aa. Dawa ya uhakika niliyoiona ni kulifunika boga mara tu linaposhika, kwa karatasi au kitambaa, na kulegeza kifuniko kadiri linavyokua. Kwangu gazeti kuukuu la Zanzibar Leo limepata ajira ya pili. Yaliyokwisha kutobolewa usiyaache chini. Funza hutoka, hujichimbia ardhini, na baadaye hutoka nzi wapya. Yafukie kwa kina au yafunge ndani ya mfuko uliokazwa na kuuacha juani. Ami ana imani kubwa na majivu na maji ya majani ya mwarobaini, na simkatazi, maana vidukari na mbawakavu haviyapendi. Ila majivu hayazuii virusi.

Kwa virusi sina falsafa. Jani likijikunja, likawa na mabaka ya kijani kibichi na manjano, na ncha ikadumaa, mmea huo hauponi. Vidukari vinavyofyonza hapa vitaruka kwenda kwa jirani, na kisu chako nacho kinaweza kuupeleka ugonjwa. Ng'oa mmea wote, uchome au uufukie, kisha osha kisu kwa sabuni na spiriti kabla ya kugusa mmea mwengine. Nimezoea kuanza na mimea mizima asubuhi na kumalizia na ile ninayoitilia shaka, kama wauguzi wafanyavyo wodini. Mtu anayesuluhisha ugomvi wa nyumba mbili siku moja atanielewa: maneno ya nyumba ya kwanza usiende nayo ya pili.

Katika majibu ya mpwa wangu, kufukia vifundo ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Shina linapotambaa, wakulima wale huchimba mfereji mdogo na kukifukia kila kifundo, ncha ikiachwa nje. Baada ya siku kadhaa kifundo kina mizizi yake, kinanyonya maji yake, na shina zima limeshikamana na ardhi hata upepo hauligeuzi. Faida kubwa huonekana siku mizizi ya mwanzo inapooza, jambo la kawaida katika ardhi inayotuamisha maji. Mmea ambao haukufukiwa hunyauka mchana huo huo. Uliofukiwa huendelea kuishi kwa mizizi ya njiani. Familia nyingi za Unguja zina ndugu Muscat na Dubai, na zinajua habari hii bila ya kufunzwa kilimo: aliyekwenda mbali bila ya kushika ardhi ya kule alikuwa mzigo kwa kule na kwa huku, na aliyeota mizizi kule ndiye aliyetuma ada ya skuli siku hapa palipokauka.

Nataka kusema wazi kwamba boga la tani moja halitatoka Mwera, na asije mtu akauza mbegu kwa ahadi hiyo. Sababu si uvivu wetu. Kiangazi cha Uingereza kikifika kileleni kinaupa mmea zaidi ya saa 16 za mwanga kwa siku, na usiku wake una baridi. Sisi, karibu na ikweta, tuna saa 12 hivi mwaka mzima, na usiku wetu ni wa joto, kwa hiyo sehemu ya sukari iliyotengenezwa mchana huchomwa na mmea wenyewe kabla ya alfajiri. Mbegu za Atlantic Giant ni za jamii ya Cucurbita maxima, inayopenda ubaridi zaidi. Maboga yanayolivumilia joto la pwani vizuri ni ya Cucurbita moschata, na hayo hayakuumbwa kwa tani. Yakiingia kwenye tui, hata hivyo, yale makubwa hayawezi kusimama nayo. Boga la mashindano lina nyama ya majimaji na ladha hafifu, na sijasikia aliyelipikia wageni.

Kitu kimoja tumewazidi wakulima wa maboga makubwa bila ya kukitumia. Wale wakulima hununua maji ya mwani kwenye chupa na kunyunyizia mimea yao. Sisi tumelima mwani kibiashara tangu 1989, kina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanashinda nao baharini, na sehemu kubwa husafirishwa nje ukiwa mkavu. Unaosukumwa na mawimbi hadi pwani mara nyingi huoza hapo hapo. Niliomba kwa jamaa zangu wa Jambiani, nikausuuza chumvi kwa maji ya mvua, nikauchanganya na samadi ya ng'ombe na makumbi yaliyooza. Udongo wangu umekuwa laini, na chini ya boga nalaza makuti makavu lisikae kwenye unyevu.

Katika mashindano yao kuna sheria niliyoipenda kuliko rekodi zote. Boga lenye ufa au tundu lililofika mpaka ndani haliingii kwenye hesabu, hata likiwa zito kuliko yote uwanjani. Mtu huja na lori, na winchi, na kazi ya miezi mitano, akarejea bila kitu kwa ajili ya mpasuko usiopita kidole. Na sababu kubwa ya mpasuko ni maji yasiyo na mpango: ardhi imekauka, ganda limeanza kuwa gumu, kisha ghafla mvua kubwa au mkulima mwenye huruma anamwaga madebe, na nyama ya ndani inavimba kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Boga linaloongezeka kilo 20 kwa siku halina nafasi ya kujirekebisha. Fedha nazo ni hivyo hivyo: nimewaona wenzangu waliopokea kiinua mgongo baada ya miaka ya mshahara wa kubanabana. Gari, nyumba ya pili, na mengine ambayo adabu inanizuia kuyataja. Aliyenusurika ni yule aliyejipangia kidogo kidogo kila mwezi, kama vile zile fedha hazikuja kwa pamoja.

Uchavushaji wa mkono nao umenipa saa ya siku ambayo nilikuwa siijui. Ua jike hufunguka alfajiri na hujifunga kabla ya jua kupanda sana. Jioni yake, kabla ya magharibi, ninalifunga kwa uzi ua ambalo kesho litafunguka, ili nyuki asiniletee mbelewele nisizozijua. Baada ya sala ya alfajiri nachuma ua dume, naondoa petali zake, nampakaza mwenzake, kisha namfunga tena. Bila ya hivyo mbegu zitakuwa na mama anayejulikana na baba yeyote aliyepita njia. Wakulima wa mizani wameifikisha mbali habari hii: mbegu zao huitwa kwa uzito wa boga lililozizaa, jina la ukoo la mkulima na mwaka, na wanaweza kukusomea nasaba ya boga kwa vizazi vingi. Sisi tunaojua nasaba za watu mpaka babu wa saba hatujui baba wa boga tunalolila. Ami alicheka sana nilipomwambia hivyo, ndicho kicheko cha kwanza nilichokipata kwake katika suala hili.

Tumefikia suluhu, mimi na yeye. Upande wangu kila mmea unabaki na maboga mawili. Ncha zinachumwa mara kwa mara, nyengine zinakwenda Darajani, nyengine kwa jirani, na shina linafukiwa vifundo. Upande wake wa shamba hauguswi na kisu changu. Anaacha kila kitu kitambae kinapotaka. Maboga yake ni mengi na madogo, yangu machache na mazito, na msusa wangu ni mwingi kuliko wake. Hatujakubaliana nani kashinda, kwa sababu hatujakubaliana tunahesabu nini.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandaaji wa maonesho ya Nane Nane pale Dole Kizimbani. Mkiweka shindano la maboga, msituletee sheria za Hampshire peke yake. Pimeni boga, na kando yake pimeni msusa uliovunwa kwenye mmea huo huo msimu mzima, mjumlishe. Mtazameni mmea wenyewe shambani: majani yake, vifundo vyake, usafi wa kisu cha mwenyewe. Lenye ufa lisihesabiwe. Kisha lipasueni lililoshinda, lipikeni kwa nazi hapo hapo uwanjani, na kura ya mwisho wapeni wale wauzaji wa Darajani.